Shiti angavu kwenye mlango wa ndege ndogo: ukiongeza unene unaongeza nyufa

Swali: "Najenga ndege ndogo ya viti viwili yenye bawa juu. Fremu za milango ni mabomba membamba ya chuma yaliyobinuka kwenda nje ili viwiko vipate nafasi. Nilifunga shiti angavu ya polikaboneti ya mm 2 kwa ribiti za mm 3.2, tundu moja baada ya jingine, huku nikiisukuma kwa kiganja ifuate fremu. Sehemu ya juu imebaki na uvimbe unaogonga 'tok' ukiubonyeza. Wiki tatu baadaye nyufa zimeanza kwenye ribiti mbili za pembe ya chini, pale fremu inapobinuka zaidi, nusukipenyo kama mm 250. Gundi iliyobaki ya filamu ya kinga niliifuta kwa petroli. Je, nitumie shiti ya mm 3? Au akriliki? Au niipashe kwa hewa moto ikae? Halafu, tundu la hewa nilikate lini?"

Jibu:

Ndugu fundi, kwanza ondoa wazo la mm 3. Najua linatokea wapi: kitu kimepasuka, basi kilikuwa chembamba. Kwa shiti iliyobinuliwa baridi, yaani bila kupashwa joto, hesabu inakwenda kinyume. Ukikunja shiti, uso wake wa nje unavutwa na wa ndani unabanwa, na kiasi cha mvuto huo ni unene ukigawanywa kwa mara mbili ya nusukipenyo. Shiti yako ya mm 2 kwenye tao la mm 250 inavutika kwa asilimia 0.4. Ya mm 3 kwenye tao hilohilo inavutika kwa asilimia 0.6. Na nguvu ya kuikunja hupanda kwa unene mara unene mara unene, kwa hiyo ya mm 3 itakupinga zaidi ya mara tatu ya hii iliyokushinda.

Kanuni inayotumika sana kwa polikaboneti isiyo na rangi ngumu ya kinga ni kwamba usiikunje baridi chini ya nusukipenyo cha mara 100 ya unene wake. Shiti ya mm 2 inataka angalau mm 200, ya mm 3 inataka mm 300. Tao lako ni mm 250. Maana yake mm 2 inaingia na mm 3 haiingii. Kama shiti yako imepakwa ile kinga ngumu ya mikwaruzo, soma karatasi ya mtengenezaji kabla ya kuigusa, kwa sababu nyingi za aina hiyo hazikutengenezwa zikunjwe namna hii.

Akriliki ndiyo mbali kabisa. Ni nzuri: inaona vizuri, haikwaruziki upesi, haigeuki njano haraka kama polikaboneti isiyokingwa na jua. Lakini kwa kukunjwa baridi inataka zaidi ya mara 180 ya unene, na ikichoka haikupi onyo. Paneli za akriliki unazoziona kwenye ndege za kiwandani zimebinuliwa kwa joto kwenye kalibu, hazikulazimishwa na skrubu.

Kwa hiyo unene wako ulikuwa sawa, na hata aina ya shiti ilikuwa sawa. Kilichoharibu ni kwamba uliwapa ribiti kazi mbili: kushika shiti na kuikunja. Ribiti kazi yake ni kushika tu. Shiti inatakiwa iwe tayari imelala kwenye fremu kabla ya kitobo cha kwanza, imetulia, ikishikwa na tepu na klempu za mbao, na ukiondoa klempu moja isiruke. Mengine yote nitakayosema yanatoka hapo.

Tuanze na ule uvimbe unaogonga, maana ndiyo dalili iliyokuwepo siku ya kwanza. Shiti bapa inakubali kukunjwa upande mmoja tu kwa wakati mmoja. Inaweza kuwa pipa, inaweza kuwa koni, haiwezi kuwa tikiti maji. Ikiwa fremu yako imebinuka kutoka juu kwenda chini, halafu pia imebinuka kidogo kutoka mbele kwenda nyuma, shiti itakataa, na kukataa kwake ndiyo huo uvimbe. Chukua rula ndefu iliyonyooka uiegemeze kwenye fremu kwa mlalo, kutoka bomba la mbele hadi la nyuma. Iteremshe polepole kutoka juu hadi chini. Mahali ambapo rula inagusa ncha zote na bomba la katikati kwa pamoja, pako sawa. Mahali inapobembea juu ya bomba la katikati kama mbao ya watoto, hapo una mabinuko mawili.

Baada ya rula, chukua karatasi ya manila, ile ngumu. Usitumie kadibodi ya maboksi. Ina mistari ndani na inakunjika upande mmoja kwa urahisi kuliko mwingine, itakudanganya. Ilaze kwenye fremu, ishike kwa tepu ya karatasi kuanzia ukingo wa juu ukishuka. Manila haina aibu: ikikuta binuko la pili inatoa mkunjo pale pale, kwa kawaida inchi chache kutoka kona. Weka alama kwenye bomba. Mara nyingi kosa ni dogo, bomba la katikati limetokeza mm 3 au 4 kuliko wenzake baada ya kuchomelewa, na joto la kuchomelea ndilo lililolivuta. Ama ulirudishe ndani, ama uinue mabomba ya pembeni kwa ukanda wa mpira mnene, hadi manila ilale bila mkunjo. Karatasi hiyohiyo ndiyo itakuwa kiolezo chako cha kukatia.

Kama umerekebisha na mkunjo bado upo, basi mlango wako kwa maumbile yake ni tikiti maji. Hapo una njia mbili za kweli: gawa paneli mbili zikutane kwenye bomba la katikati, kila moja na binuko lake; au peleka kwa watu wenye oveni kubwa wakutengenezee kwa joto. Hewa moto ya mkononi haimo. Polikaboneti inaanza kulegea karibu na nyuzi 150 za Selsiasi, na inafinyangwa kwa joto la juu zaidi ya hapo. Mashine ya mkononi inapasha kiganja kimoja hadi kichemke huku jirani yake kukiwa baridi, na mpaka kati ya hizo mbili unabaki na mvuto uliogandia ndani ambao huuoni. Tena shiti hii hunywa unyevu wa hewani. Ukiipasha hadi joto la kufinyanga bila kuikausha kwanza kwa saa kadhaa kwenye oveni ya nyuzi zipatazo 125, unyevu unachemka na kutoa vipovu vidogo kama soda. Nilishawahi kujaribu, kwenye kona moja tu, nikisema ni kidogo. Ile kona ilikuwa na vipovu vilivyojipanga kama mbegu za mpapai, na paneli nzima ikawa ya kutupa.

Sasa petroli. Samahani, hapo haikuwa bahati mbaya, ulijifanyia mwenyewe. Polikaboneti ni ngumu dhidi ya nyundo na dhaifu dhidi ya vimiminika. Petroli, thina, asetoni, baadhi ya sabuni za vioo zenye amonia, na ile dawa ya kukazia nati za skrubu, zote zinaweza kuipasua. Ila zina tabia moja: kwenye shiti iliyolala bapa mezani zinaweza zisionyeshe kitu kwa muda; kwenye shiti iliyokunjwa zinaingia pale mvuto ulipo na kufungua nyufa. Mvuto wako mkubwa ulikuwa kwenye pembe ya chini, na tundu zako zilikuwa hapo hapo. Petroli ilitafuta njia ikaikuta. Gundi ya filamu itoe wakati shiti ingali bapa, kwa spiriti ya isopropili kidogo kwenye kitambaa laini, kisha osha kwa maji vuguvugu na sabuni ya vyombo isiyo kali. Na kwa kuwa mlango wako uko chini ya bawa, angalia mafuta yakimwagika wakati wa kujaza yanatiririkia wapi. Ukijaza, funga mlango au ufunike kwa kitambaa.

Kuna wauaji wengine wa kimya kimya. Ukanda wa PVC laini, ule wa madirishani, una mafuta yanayoulainisha, na mafuta hayo huhamia kwenye polikaboneti polepole. Tumia mpira wa sintetiki uitwao EPDM, au wa silikoni. Silikoni ya kuziba inayonuka siki iache; tafuta isiyo na asidi ambayo mtengenezaji wake ameandika wazi kwamba inafaa kwa polikaboneti. Na rangi ya fremu iwe imekauka kabisa, siyo ile ya kugusa ikawa haishiki kidole, kwa sababu thina inayobaki ndani ya rangi hutoka taratibu na kunaswa chini ya shiti.

Halafu tundu. Ulitoboa mm 3.2 kwa ribiti ya mm 3.2, shiti imebanwa kama meno. Polikaboneti hupanuka kwa joto karibu mara sita ya chuma. Chukua mlango wa mm 900 uliofungwa asubuhi ya baridi, kisha uache ndege juani hadi shiti ipande nyuzi 40. Shiti inataka kurefuka kama mm 2.4, fremu ya chuma inarefuka chini ya nusu milimita. Ile mm 2 inayobaki lazima iende mahali. Kama tundu zimebana, inaenda kwenye kuta za tundu, au inavimba katikati. Ukizipa nafasi, inateleza mm 1 kila upande na hakuna anayejua.

Mimi milango hii siifungi tena kwa ribiti tupu. Ribiti ya kuvuta inajitanua ndani ya tundu na kubana shiti kwa nguvu usiyoipima, na siku ya kubadilisha paneli unaitoboa upya. Natumia skrubu ya mm 4 yenye kichwa bapa kwa chini, kamwe siyo ile ya kichwa cha koni, kwa sababu koni ni kabari inayosubiri kupasua. Skrubu inapita ndani ya kibomba kifupi cha alumini chenye kipenyo cha nje mm 5, na shiti imetobolewa mm 8. Kibomba kinakatwa kirefu kidogo tu kuliko unene wa shiti pamoja na mpira uliobanwa, ili skrubu ikikazwa ikutane na kibomba, isiponde shiti. Juu kuna washa pana yenye mpira chini yake, na nyuma kuna kishikizo cha ukanda wa alumini kinachozunguka bomba, na nati yenye pete ya nailoni. Hivyo huna haja ya dawa ya kukazia nati, na hutoboi mabomba. Mabomba usiyatoboe kabla ya kuona kitabu cha mjenzi kinasema nini.

Kati ya tundu na ukingo acha angalau mara mbili ya kipenyo cha tundu. Kwa mm 8 ni mm 16. Ukingo utatokeza nje ya bomba kidogo, na hiyo ni faida, ndio utakaokalia mpira wa fremu ya mwili wa ndege.

Kutoboa kwenyewe: shiti iwe na ubao nyuma, biti iwe kali, usisukume. Ukiona inatoa nyuzi ndefu zinazojiviringa, uko sawa. Ukiona unga uliokunjamana na kuyeyuka, kasi ni kubwa. Kisha kila tundu lipitishwe biti kubwa zaidi kwa vidole, mara mbili tatu, pande zote mbili, kuondoa makali. Kingo zilizokatwa kwa mkasi wa bati au msumeno zikwanguliwe kwa mgongo wa kisu hadi ziwe laini kama ukucha, halafu msasa mwembamba. Nimezikagua paneli nyingi zilizopasuka, na ufa karibu kila mara unaanzia kwenye mkwaruzo mdogo wa tundu au ukingo, ambao ungechukua nusu dakika kuutoa. Filamu ya kinga usiimenye yote; irudishe nyuma kwa upana wa vidole viwili kwenye kingo tu, na angalia upande ulioandikwa kwamba umekingwa na jua. Huo unakwenda nje. Filamu nayo isiachwe juani, itajichoma na kugandia, na hapo ndipo watu wanapokimbilia petroli.

Jambo ambalo wengi hawaliambiwi: shiti iliyokunjwa baridi haiachi kutaka kunyooka. Inaisukuma fremu saa zote. Fremu yako ni bomba jembamba, kwa hiyo ukiifunga shiti mlango ukiwa mezani, ukiupeleka kwenye ndege utakuta umejipinda, pembe ya nyuma imeachia sentimita nzima, na kitasa ndicho kinabaki kuuvuta. Funga paneli mlango ukiwa kwenye bawaba zake, umefungwa kwenye mwili wa ndege, na kadi nyembamba za unene sawa kuzunguka ukingo wote. Anza na skrubu za katikati ya ukingo wa juu, ule ulionyooka, kisha shuka ukibadilisha kushoto na kulia. Kila skrubu ikiingia, shiti iwe tayari inagusa mpira pale kwa uzito wa kidole kimoja. Ikihitaji kiganja, simama, klempu ya juu haijakaa.

Kuhusu nguvu za angani, upepo mara nyingi haukandamizi mlango huu kwenda ndani. Hewa inayopita kwenye binuko la nje inauvuta kwenda nje. Kwenye kilomita 180 kwa saa, usawa wa bahari, kanieneo ya mwendo wa hewa ni kama kilo 156 kwa kila mita ya mraba. Mlango haubebi yote hiyo, sehemu yake tu, lakini sehemu yake kwenye nusu mita ya mraba bado ni mzigo wa mtu kuegemea kutoka ndani. Ndiyo maana washa ziwe pana, na nafasi kati ya skrubu na skrubu isizidi mm 100 hivi kwenye sehemu iliyobinuka. Na kwa kuwa mlango ndio njia ya kutokea, kumbuka kwamba polikaboneti haivunjiki kwa teke kama akriliki. Kitasa lazima kifunguke kutoka ndani na kutoka nje, bila ufunguo.

Paneli ya zamani usijaribu kuiokoa kwa kutoboa mwisho wa ufa. Inakubalika kukufikisha nyumbani, haikubaliki kubaki. Kabla hujaitupa ifanyie jaribio moja. Weka nyuma yake kioo cha kompyuta kilichowaka kikiwa cheupe, uvae miwani ya jua ya polaroidi, uzungushe kichwa polepole. Utaona mikanda mipana ya rangi kwenye shiti nzima. Hiyo ni ya kiwandani, isikushtue. Tafuta pete finyu za upinde wa mvua zilizojikusanya kuzunguka ribiti. Nadhani pembe yako ya chini itang'aa kama doa la mafuta kwenye dimbwi. Paneli mpya ikimaliza kufungwa, irudie hivyo hivyo, na tena baada ya ndege kukaa juani siku mbili tatu. Pete zikionekana kwenye skrubu fulani, ilegeze, panua tundu, usisubiri ufa.

Kama ndege ingekuwa ya kiwandani yenye cheti cha aina, yaani muundo wake umeidhinishwa na mamlaka ya anga, haya yote yangepita kwanza kwa fundi mwenye leseni na kwa vipuri vilivyoidhinishwa. Wewe unajenga mwenyewe, lakini mkaguzi wako aione paneli hii kabla ya kuruka nayo.

Tundu la hewa: likate shiti ikiwa bapa mezani, baada ya kiolezo kukubali na kabla ya kuikunja. Liwe duara, bila pembe yoyote, na likae sehemu ya juu ambako shiti imenyooka zaidi, angalau mm 60 kutoka skrubu iliyo karibu. Plastiki ya tundu iliyokuja na ndege yako pengine ina mdomo wa kubana. Jaribu kwenye kipande chakavu kwanza. Ikiingia kwa kugongwa, tundu ni dogo, liongeze nusu milimita.